Tata, Tunapiga Dawa

Sauti niliyoisikia zaidi tangu nibaki peke yangu ilinijia kwa sababu ya sumu. Sitanii. Asubuhi mbichi, umande ungali kwenye majani ya chai, mkamwana wangu alikuwa akisimama upande wake wa ua na kuniita baba kwa Kigusii, "Tata, tunapiga dawa." Nami niliacha chochote nilichokuwa nimeshika, hata kikombe, nikaitika.

Baada ya kuitika nilikuwa na kazi. Niliondoa mashati yangu yaliyoanikwa juu ya ua wa saipresi. Niliwasukuma kuku ndani ya kibanda, wakinitukana kwa lugha yao. Nililifunika kwa turubai tuta la chinsaga, ile mboga chungu ambayo Mgusii akiikosa wiki nzima huona hajala. Niligeuza bomba la mfereji wa paa lisielekee kwenye tangi, maana dawa ikitua juu ya mabati, mvua ya alasiri huiteremsha moja kwa moja hadi kwenye maji ya kunywa. Halafu nilisimama mahali pangu, kwenye kona ya migomba, nikatazama majani. Mkamwana alikuwa akingoja. Jani likilala kimya, nilimwambia aanze. Likitikisika kuja upande wangu, nilimwambia asubiri kidogo.

Katika kule kusubiri ndiko tulikozungumza.

Shamba letu, kama mashamba mengi ya huku Nyamira, ni ukanda mwembamba unaoanzia barabarani juu ya kilima na kuteremka hadi kijitoni. Nilimgawia mwanangu nusu yake, tukaotesha ua katikati. Nusu ya ukanda si kitu cha kujivunia. Mtu akikohoa kwake, jirani wa tatu humwambia pole, sembuse tone la dawa lililoshikwa na upepo. Mwanangu anafanya kazi kwenye shamba la maua huko Naivasha, na huko ndiko alikompata mkewe, binti wa Taita. Alipoona wanunuzi wa parachichi wameanza kupita na malori yao, aling'oa chai upande wake, akapanda miparachichi, akamwachia mkewe, akarudi kazini. Miti ikakua vizuri. Wadudu nao hawakuchelewa.

Msomaji asiyetoka kwetu atauliza kwa nini mtu mzima angoje dawa ndipo aongee na mke wa mwanawe, ambaye mlango wake unaonekana kutoka mlangoni kwake. Jibu ni chinsoni. Hiyo ni adabu yetu ya haya baina ya mzazi na mtoto aliyekwisha kuwa na nyumba yake. Mimi siingii nyumba ya mwanangu. Sijui viti vyake vina rangi gani. Mkamwana hanipi mkono, wala hatukai barazani tukapiga soga. Wako vijana wanaosema mambo hayo yamepitwa na wakati, na kanisani kwetu, sisi Waadventista, mhubiri mmoja aliwahi kuyataja akicheka. Mimi sikucheka. Nililelewa hivyo, na jambo ulilolelewa nalo halikutoki kwa sababu mtu fulani ameshika maikrofoni.

Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa akivuka ua. Alikwenda na bakuli la mboga, akarudi na habari: mtoto ameota jino, jikoni panavuja, mkamwana amesuka nywele upya na zimempendeza. Mimi nililishwa habari hizo jioni pamoja na ugali, na sikujua kwamba ni chakula mpaka zilipokoma.

Yeye pia ndiye aliyeweka kanuni ya kuita. Siku moja, miti ikiwa bado mifupi, nilikuwa nimeketi nje nikinywa chai. Mkamwana alikuwa akipiga dawa kwa pampu ya mgongoni. Upepo ukapanda kutoka kijitoni, ukanibebea ukungu mzima usoni. Macho yaliwaka moto. Sikusema neno, maana ningemsemesha vipi? Niliingia ndani nikanawa. Lakini mke wangu hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikwenda uani akamwambia mkamwana kwamba kuanzia siku hiyo, kabla ya kufungua pampu, amwite mzee. Na akimaliza amwite tena, na mzee asitoke ndani kabla ya kuitwa. Kisha akanigeukia na kunieleza mambo yaleyale kwa ukali uleule, utadhani nilijipulizia mwenyewe.

Tulipomzika, kanuni ile ilibaki. Karibu kila kitu kingine kiliondoka naye.

Sitaki mtu adhani nilitupwa. Mkamwana aliniletea chakula kila jioni. Alikiweka juu ya kigoda barazani, akagonga kifuniko cha sufuria, akaondoka kabla sijatokea mlangoni. Mke wangu alimfundisha vizuri. Siku nyingine niliona alimfundisha vizuri mno. Chakula kilikuwa kitamu, nami nilikila nikiutazama mlango, halafu nikaosha sufuria na kuirudisha juu ya kigoda ili ichukuliwe nikiwa sipo.

Kwa hiyo asubuhi za dawa zilikuwa sikukuu zangu. Miparachichi ilipokaribia kutoa maua, na tena matunda yakiwa madogo, wadudu walimlazimisha mkamwana kutoka na pampu mara kwa mara, nami moyoni niliwashukuru wadudu, Mungu anisamehe. Tulizungumza tukiwa na saipresi katikati, yeye haonekani ila kitambaa chake cha kichwa. Aliniambia mume wake amepiga simu na kwamba Naivasha kuna baridi. Aliniambia watoto, walioko shule ya bweni, wamefanya mtihani. Mimi nilimwambia kuku gani anataga na kwamba goti linanisumbua. Kiswahili chake kimenyooka. Changu cha mdomoni nilikiokota kwenye kiwanda cha chai cha Itumbe, nilikokuwa karani, na kina mashimo kama barabara yetu. Nikiandika naandika vizuri, kwa sababu kalamu hunipa muda wa kufikiri. Yeye hakuwahi kunicheka. Akinisikia nakosea, alijibu kwa neno lililo sahihi, polepole, akaendelea mbele.

Nikikiri ukweli, mara nyingine jani lilikuwa limelala kabisa, nami nilimwambia, "Ngoja kidogo, bado inatikisika." Alingoja. Naye hakuwa na haraka ya kuniuliza tena.

Kisha ikaja mashine.

Chama cha wakulima wa parachichi kiliileta ghalani kwao Keumbu ili wanachama waitumie kwa zamu. Mwanangu ndiye aliyewasukuma. Huko kazini kwake anaona mambo hayo kila siku, na alikuwa amechoka kumwazia mkewe akitembea ndani ya ukungu wa dawa, na kumwazia baba yake akinywa maji ya paa. Alichukua likizo akaja siku ya kuonyeshwa. Tulikusanyika upande wake, majirani wote, mimi nikiwa nimesimama mbali kidogo na nyumba yake, panaponistahili.

Aliyeiendesha ni dada mmoja wa chama, fundi, amevaa ovaroli nyeupe na miwani. Mashine yenyewe ni toroli ya magurudumu mapana, ina tangi na injini ndogo, na mlingoti wenye pua za kunyunyizia zilizopangwa kutoka chini hadi juu. Kando ya kila pua kuna jicho jeusi. Jicho likiona majani, pua hufunguka. Likikuta nafasi tupu kati ya mti na mti, pua hujifunga. Mti ukiwa mfupi, pua za juu hazijisumbui. Na matone yake si ule ukungu wa pampu ya mgongoni. Ni mazito kidogo, yanashika jani yanakaa. Fundi aliniruhusu kusogeza jani la mgomba mbele ya jicho, tangi likiwa na maji matupu. Pua ikafyatua. Nilipoliondoa, ikanyamaza. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, kwa sababu ni jambo la kupigiwa makofi.

Nilimuuliza ikiona mtu itafanyaje. Akasema itamnyunyizia vilevile, haijui tofauti. Ni juu ya mtu kukaa mbali nayo.

Juu kabisa ya mlingoti palikuwa na vikombe vitatu vidogo vinavyozunguka. Fundi alieleza kwamba vinapima upepo. Ukizidi kiasi, taa nyekundu huwaka na mashine hukataa kazi mpaka upepo utulie. Hakuna haja ya mtu kubahatisha. Mwanangu alinitazama akitabasamu, akaniambia kwa Kigusii kwamba sasa nitakunywa chai yangu nje kwa raha, hakuna atakayenisumbua tena. Alisema hivyo kwa mapenzi. Nilimjibu ni vizuri, na nikabaki nikitazama vikombe vile vikizunguka.

Mara ya kwanza mashine ilipokuja kwa kazi kamili, mwanangu alikwisha kurudi Naivasha. Nilisikia pikapu ikiegeshwa barabarani, nikasikia toroli ikiteremshwa na injini ikijaribiwa. Nikafanya yangu yote. Mashati, kuku, turubai, bomba la mfereji. Nikaenda kwenye kona ya migomba nikasimama. Nilimsikia mkamwana akizungumza na fundi, na wanaume wawili wa chama waliokuwa wakivuta toroli wakicheka. Nilingoja aniite. Injini ikaunguruma kwa nguvu, na nikatambua kwamba wameanza.

Nilijiambia pengine ameniona nimekwisha kujiandaa. Nikaingia ndani, nikafunga madirisha, nikakaa.

Mtu atasema ningechungulia. Nilichungulia. Niliona mlingoti ukipita juu ya ua, ukienda na kurudi, na hewa ya upande wangu ilikuwa safi kabisa. Lakini kanuni ilisema nisitoke kabla ya kuitwa, na aliyeiweka hayupo wa kuibadilisha. Tena, niseme wazi, nilitaka kuitwa. Nilikuwa nimeandaa la kusema. Kulikuwa na jambo la kuku mmoja aliyeatamia mayai ndani ya gunia kuukuu, na nilijua lingemchekesha.

Injini ilinyamaza. Toroli ikapandishwa, pikapu ikaondoka. Nilikaa kitini mikono juu ya magoti. Chumba kilipata joto, mabati yakaanza kulia kwa jua. Nilisikia mkamwana akiteka maji, nikasikia mlango wake ukifunguliwa na kufungwa. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia nikitia sukari kwenye chai, kama ningekuwa na chai. Nikajiambia ataita akimaliza kuoga dawa mwilini. Baadaye nikajiambia ataita akimaliza kupika. Mvua ya alasiri ilikuja kama kawaida yake, ikapiga paa, na maji yote yakamwagika chini kwa sababu bomba lilikuwa limegeuzwa. Niliyasikiliza yakimwagika. Hasira ilinipanda, kisha ikashuka, na kilichobaki baada yake kilikuwa kizito zaidi. Nilijua kwamba hakuna atakayeita, na kwamba hakuna aliyekosea.

Jioni alikuja na chakula. Alikuta madirisha yamefungwa na kuku bado wamefungiwa, wanapiga kelele. Aligonga kifuniko cha sufuria, lakini safari hii sikusikia nyayo zikiondoka.

"Tata, uko salama?"

Nilimjibu niko, nilikuwa na kazi za ndani. Alikaa kidogo pale nje. Halafu akaenda akawafungulia kuku, akarudi kwake.

Zamu ya mashine iliyofuata niliketi nje na kikombe changu, kama mwanangu alivyotaka. Sikusikia harufu yoyote. Mashati yalibaki juu ya ua. Tuta la chinsaga halikufunikwa. Mkamwana alipita nyuma ya mashine amevaa vizibo vya masikio, akitazama taa na pua, na hakugeuza kichwa. Kwa nini angegeuza? Kazi ilikuwa safi. Chai ikapoa, na nikaimwaga.

Baada ya hapo siku zikawa na urefu wa ajabu. Nilijikuta naongea na redio. Siku ya Sabato nilikaa kanisani mpaka watunzaji walipoanza kufunga madirisha, nikijifanya natafuta kofia. Nilikwenda Keumbu bila shida yoyote ya kununua kitu, nikazunguka kwa wauza ndizi, nikauliza bei za vitu nilivyonavyo shambani. Nilikuwa mpweke. Mwanamume wa rika langu hasemi neno hilo kwa Kigusii wala kwa Kiswahili, lakini ndilo, na hapa naliandika kwa kuwa hakuna anayenitazama usoni.

Ndipo nikafanya upumbavu ambao ni wa kwetu hasa. Kwetu mtu akitaka wenziwe waje, hasemi waje. Hulalamikia mpaka. Atadai ng'ombe wa fulani amevuka, ua umesogezwa, mti wa jirani unamwagia kivuli chai yake. Watu watakuja, watasimama, watabishana, watakunywa chai, na jioni atalala amesikia sauti za watu. Nimeyaona hayo tangu utoto, na sikujua sababu yake mpaka yaliponifika. Nilimpigia mwanangu simu nikamwambia dawa bado inavuka ua. Nilisema inanifikia, nasikia harufu yake. Niliwaza kwamba atamwambia mkewe arudie kuita. Hilo tu. Sikuwa na tamaa kubwa.

Nilisahau mwanangu ni mtu wa aina gani. Aliniuliza ni upande gani, ni saa ngapi, upepo ulitoka wapi. Nikabuni majibu. Jioni ile alinipigia tena akaniambia wameshauriana. Fundi atakuja apime kwa karatasi maalumu upande wangu, wakati mashine inafanya kazi. Ikionekana hata tone moja limevuka, yeye atagharimia miti mirefu ipandwe safu mbili nyuma ya saipresi, iliyobanana, ukuta kamili, dawa isipite wala kelele za mashine zisinifikie. Alisema, "Utasahau kama kuna shamba upande wa pili, Baba."

Nilimshukuru. Nikakata simu nikaketi kwenye kigoda cha sufuria.

Mkinielewa, nilikuwa nimejifunga mwenyewe pande zote. Karatasi zikipata matone, ua wangu utakuwa ukuta na sitaona hata kile kitambaa cha kichwa. Zikibaki safi, itajulikana kwamba mzee wa watu amesema uongo dhidi ya mke wa mwanawe, anayemlisha. Nilifikiria kuugua. Nilifikiria kwenda kwa dada yangu Keroka nikae huko mpaka mambo yapoe. Asubuhi ya kupima ilipofika nilikuwa nimevaa shati safi, nimesimama mlangoni kama mtu aliyeitwa na chifu.

Fundi aliingia kwangu akiwa na bahasha ya karatasi ndogo za manjano. Alinieleza kwamba tone likizigusa hugeuka buluu mahali pale, hata liwe dogo kiasi gani. Alizibana kwa vibanio vya nguo: kwenye ua, kwenye tangi, kwenye vijiti vya tuta la chinsaga, hata kwenye kiti changu cha nje. Aliniomba nisizishike kwa vidole vyenye maji. Nilikuwa na kikombe mkononi wakati huo, na nitasema ukweli, niliitazama ile ya kitini, nikakitazama kikombe. Nikakumbuka safu mbili za miti mirefu. Nikakipeleka kikombe ndani.

Mashine ikapita upande wa pili, ikienda na kurudi kati ya safu. Vikombe vyake vitatu vilizunguka kivivu. Mimi nilisimama kwenye kona yangu ya migomba kwa mazoea tu. Jani lilikuwa limelala.

Walipomaliza, fundi alizunguka akikusanya karatasi, mkamwana akizitazama kupitia pengo la ua. Zote zilikuwa za manjano. Hakuna alama. Fundi alifurahi, akanionyesha moja moja, akaniambia kwa heshima kwamba labda pua yangu inakumbuka zamani za pampu, huwatokea wazee wengi. Hakuna haja ya ukuta wa miti, atamwarifu mwanangu. Nilikubali kwamba huenda ni kukumbuka. Aliniachia karatasi moja niweke kama kumbukumbu, akaenda kusaidia kupandisha toroli.

Nilibaki na kile kikaratasi kiganjani. Kilikuwa kikavu na kisafi, na mtu mwingine yeyote angefurahi. Nilikuwa nageuka kuingia ndani, ndipo nikatambua kwamba kitambaa cha kichwa bado kiko pale penye pengo.

"Tata," mkamwana alisema. "Siku ile ya kwanza ulikaa ndani mpaka jioni. Ulikuwa unangoja nikuite?"

Ningeweza kusema goti. Ningeweza kusema kazi za ndani. Neno la uongo lilikuja mpaka kwenye meno, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikalimeza.

"Nilikuwa nangoja."

Pikapu iliondoka barabarani, tukaisikia ikiteremka kuelekea Keumbu. Nilidhani mkamwana amekwenda. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa chini.

"Mama alinifundisha nisikuite bila sababu. Alisema nitakuaibisha. Mashine ilipokuja nikaona sababu imekwisha." Kisha akaongeza, "Na mimi huku siongei na mtu, Tata. Watoto wako shule."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Nalisema kwa aibu. Miaka yote nilijiona mimi peke yangu ndiye niliye upande wa upweke, na ng'ambo ya ua nikaweka nyumba yenye watu, maana kulikuwa na moshi na milango inayofungwa. Binti huyu alitoka Taita akaja kuishi kwenye kilima ambako hana ndugu wala hasikii lugha ya kwao. Mume wake ni sauti ya simu. Mama mkwe aliyemfundisha kila kitu tulimzika. Aliyebaki karibu ni mzee ambaye amefundishwa asimsemeshe.

Nilitafuta la kumwambia. Chinsoni iko, na sikutaka kuivunja, wala yeye hakutaka. Tungeivunja tungebaki hatujui pa kusimama. Kilichohitajika ni kitu kidogo cha kupitishia sauti. Nikatazama juu, nikaona jani la mgomba.

"Upepo bado iko," nikamwambia.

"Upepo bado upo," akajibu polepole, kama zamani. Nikasikia anacheka, au analia, ua ulikuwa mzito na sikuona. Akasema hiyo ni sababu ya kutosha.

Siku hizi dawa haipigwi mara nyingi. Mashine haipotezi kitu, na fundi hupita kwanza kutazama mitego ya wadudu. Akikuta wachache, huondoka bila kuwasha injini. Hata mwezi mzima unaweza kupita. Katikati ni sufuria juu ya kigoda, ni redio, ni Sabato na kofia yangu. Sitasema upweke umekwisha, maana haujakwisha. Nimejua tu unapokoma kwa muda, nami hutega sikio kwa ile pikapu kuanzia alfajiri.

Juzi ilikuja. Nilimsikia mkamwana akimwambia fundi asubiri kwanza. Akaja uani.

"Tata, tunapiga dawa."

Niliitika. Nikaondoa mashati ambayo hayangelowa. Nikafungia kuku ambao hawangedhurika, nikaifunika chinsaga, nikageuza bomba la mfereji. Nikasimama penye migomba, nikamwambia angoje kidogo, akangoja, na fundi na wale wanaume wa toroli wakangoja naye bila kuelewa. Nilimweleza habari za yule kuku na gunia lake. Alicheka sana. Kisha nikamwambia jani limelala, nikaingia ndani, nikafunga madirisha, nikakaa kitini.

Mashine ilienda na kurudi, ikanyamaza. Pikapu ikaondoka. Nikasikia nyayo zake zikija uani.

"Tata, tumemaliza. Toka sasa."

Nilikuwa nimekwisha kusimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo. Sikufungua. Nilinyamaza kidogo tu, ili aite tena.